Kupasuliwa fizi: kinachofanyika ndani na jinsi ya kukilea kidonda mpaka kishike kweli

Daktari wa meno akikwambia "hapa itabidi tufungue fizi", watu wengi wanasikia neno moja tu, kupasuliwa, baada ya hapo masikio yanaziba. Wanatoka na karatasi ya maelekezo bila kuisoma, wanaenda kuuliza jirani, jirani naye anamkumbuka binamu yake aliyeng'olewa jino la mwisho akavimba wiki nzima, basi hofu inazidi. Mimi niko upande wa kliniki ya meno, Dar, kazi yangu kubwa ni kukaa na mgonjwa kabla daktari hajaanza na baada ya kumaliza, na nikwambie tu upasuaji wenyewe huwa ndo sehemu rahisi: unapigwa ganzi, unalala kwenye kiti, saa moja au moja na nusu hivi mambo yameisha. Kazi iko nyumbani. Na watu hawaharibu siku ya kwanza, siku ya kwanza kila mtu ni mtiifu kwa sababu anaogopa. Wanaharibu wiki ya pili, pale wanapojiangalia kwenye kioo na kusema aah, pameshapona.

Tuanze na kwa nini ufunguliwe.

Fizi yenye afya imelishika jino vizuri, na kati ya jino na fizi kuna kamfereji kadogo, kina chake milimita 1 mpaka 3. Pale ndo utando wa bakteria unapopenda kukaa. Usipoutoa unachanganyika na madini ya kwenye mate unakuwa mgumu, huo ndo ugaga. Fizi inavimba, ukiswaki damu inatoka. Kwa hatua hii bado mambo mepesi, ukisafishwa na ukabadilisha uswakiji wako fizi inarudi kama zamani. Shida inaanza ugonjwa ukishuka chini zaidi ukaanza kula nyuzinyuzi zinazolifunga jino kwenye mfupa, halafu na mfupa wenyewe. Kale kamfereji kanageuka kuwa mfuko wa milimita 5, 6, wengine 8, na kule chini mswaki haufiki hata uswaki mara kumi kwa siku. Na mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Ila hapa naomba usikilize vizuri: huwa hairukiwi kwenye kisu moja kwa moja. Kwanza unasafishwa juu ya fizi na chini ya fizi, mara nyingi kwa ganzi, mizizi inakwanguliwa mpaka iwe laini. Halafu unaachwa, wiki sita mpaka miezi mitatu hivi, mwili ufanye kazi yake, ndo unapimwa tena na kale kachuma kenye alama za milimita. Wengi wakishafika hapo mifuko imeshapungua na hawahitaji kupasuliwa kabisa. Mwongozo wa madaktari wa fizi wa Ulaya uliotoka 2020 unasema upasuaji unafikiriwa pale mfuko unapobaki milimita 6 au zaidi baada ya usafi huo, na ile ya milimita 4 au 5 inasafishwa tu tena. Kwa hiyo mtu akitaka kukufungua siku ya kwanza tu uliyoingia, bila kukupima jino kwa jino na bila eksirei, una haki ya kumuuliza kwa nini, na ukitaka nenda kwa daktari mwingine usikie naye anasemaje.

Sio kila upasuaji wa fizi ni uleule pia. Huo wa kufungua ili kusafisha mizizi unaitwa flapu na ndo wa kawaida zaidi. Kuna wa kukata fizi iliyozidi. Kuna wa kushusha fizi na mfupa kidogo ili jino lililovunjika chini lipate mahali pa kuwekewa kofia. Na kuna wa kuhamisha kipande cha nyama kutoka kwenye kaakaa kwenda kufunika mzizi uliobaki wazi, huu tunauita grafti. Muulize daktari wako ni upi, kwa sababu uangalizi wake unatofautiana, tena sana.

Hapo kwenye fizi iliyozidi nichomekee jambo. Kuna watu fizi zao zinakua zinapanda juu ya meno, wanadhani ni uchafu tu, kumbe ni dawa. Nifedipini na amlodipini za presha zinaweza kufanya hivyo, fenitoini ya kifafa pia, na saiklosporini wanayotumia waliopandikizwa figo. Sio kila anayemeza inamtokea, lakini kama unameza mojawapo na fizi zinavimba, sema. Usiache dawa ya presha mwenyewe hata siku moja, nenda kwa aliyekuandikia, mara nyingi kuna ya kubadilishia.

Kujiandaa

Andika dawa zote unazomeza. Zote, pamoja na za kienyeji na zile za kuongeza damu. Kama unameza aspirini ya moyo au wafarini usiikatishe mwenyewe eti damu isitoke nyingi, kwa sababu damu ya fizi tunaweza kuibana na kuishona, ila damu ikiganda kwenye moyo au ubongo hiyo ni habari nyingine. Daktari wako wa moyo na wa meno waongee wao. Kwa wafarini utapimwa kwanza ile INR, kipimo kinachoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda.

Mwenye kisukari aje na majibu ya karibuni ya HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Ikiwa juu sana, operesheni yenyewe inaweza kuahirishwa na isikuudhi, sukari ikiwa juu seli nyeupe zinafanya kazi ovyo, mishipa midogo haipeleki damu vizuri na kidonda kinachelewa na kinaingia wadudu kirahisi. Tena inaenda pande zote mbili, fizi zikiwa na ugonjwa sukari nayo inakuwa ngumu kushuka.

Wavutaji sasa. Nikotini inabana mishipa ya damu, na fizi ya mvutaji inadanganya, haitoki damu sana kwa hiyo anajiona mzima huku mfupa unaisha. Akipasuliwa anapona taratibu na matokeo yanakuwa hafifu kuliko ya asiyevuta. Shisha ni hivyohivyo, usijidanganye kwamba imepita kwenye maji. Ugoro na kuberi ndo mbaya zaidi kwa maana unaviweka palepale penye kidonda. Ukishindwa kuacha kabisa, angalau acha wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada, na wengine huwa wanaunganishia hapohapo wakaacha moja kwa moja.

Kingine, ganzi ni ya mdomo tu, haulazwi usingizi, kwa hiyo kula kabla ya kuja. Watu wanakuja na njaa kama wanaenda theatre kubwa halafu wanazimia kwenye kiti. Nunua vitu kabla: mswaki laini kabisa, chumvi, panado, unga wa uji, barafu kwenye friji. Usipange operesheni siku tatu kabla ya harusi ya mdogo wako. Na kama Ramadhani iko karibu, mwambie daktari, mara nyingi inawezekana kusubiri mpaka baada ya Idi kwa sababu utakuwa na dawa za kumeza mchana na za kusukutua. Mjamzito akiweza asubiri ajifungue, kusafishwa meno kwa kawaida kunaendelea, ni flapu tu ndo inasubiri.

Siku yenyewe

Sindano ya ganzi inauma sekunde chache. Mara nyingi ni lignokeini iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili kubana mishipa, kwa hiyo ukisikia moyo unaenda mbio dakika mbili tatu usidhani unakufa, sema tu, utatulia. Daktari anapitisha kisu kuzunguka shingo za meno, halafu fizi inanyanyuliwa kama unavyonyanyua ukosi wa shati. Sasa mzizi na mfupa vinaonekana kwa macho, na hii ndo faida yote ya kufungua, kwa sababu kusafisha mfuko wa milimita 7 bila kuona ni kazi ya kubahatisha. Anatoa ile nyama laini yenye uvimbe, anakwangua ugaga wa chini ambao huwa mweusi na umeng'ang'ania, pengine anasawazisha mfupa, anaosha na salini (maji safi ya chumvi ya hospitali), anairudisha fizi mahali pake na kushona.

Halafu anabonyeza na gozi yenye maji, dakika kadhaa hivi, hasemi kitu. Wagonjwa wanadhani anapumzika. Hapana, ile ni hatua muhimu kabisa, anataka damu iliyobaki kati ya fizi na mzizi iwe utando mwembamba, sio bonge. Utando mwembamba wa damu iliyoganda ndo gundi ya kwanza, ukiwa mnene fizi inaelea juu yake na kupona kunachelewa. Wengine wanawekewa juu yake kitu kama udongo wa pinki, ni plasta ya fizi, ikidondoka baada ya siku mbili tatu na hakuna maumivu usihangaike kuirudisha, piga simu tu uwaambie.

Fizi inaponaje hasa

Hapa ndo nataka ukae, maana ukielewa hii huhitaji kukumbushwa masharti.

Dakika za mwanzo damu inaganda na kutengeneza wavu wa nyuzi. Wavu huu ndo umeishika fizi kwenye jino, hakuna kingine zaidi ya nyuzi alizoshona daktari. Saa chache baadaye seli nyeupe zinaanza kumiminika kula bakteria na mabaki, siku ya kwanza na ya pili ndo zimejaa, ndo maana uvimbe unafika kileleni kati ya saa 48 na 72. Kwa hiyo ukiamka siku ya tatu umevimba kuliko ya kwanza, huo ni mpango wenyewe, sio kwamba umeharibika.

Wakati huohuo ngozi ya juu ya fizi inaanza kutambaa kutoka ukingoni, inateleza juu ya kidonda karibu nusu milimita au zaidi kidogo kwa siku. Mpaka wiki moja imeshalifikia jino na kujibandika kwenye mzizi, na chini yake ile damu iliyoganda imeshaanza kugeuzwa kuwa nyama changa nyekundu yenye vimishipa vingi vipya. Wiki ya pili kolajeni inaanza kuonekana, zile nyuzi za nguvu. Lakini bado ni changa, na zimelala sambamba na jino badala ya kuingia ndani yake. Kwa nje? Kwa nje pako vizuri, pinki, hapaumi, nyuzi zimeshatolewa. Huu ndo mtego niliosema mwanzo. Macho yanaona kidonda kimepona huku fizi imelishika jino kwa nguvu kidogo sana, mfupa wa kuku mmoja au mswaki mgumu unaweza kuibandua. Kama mwezi hivi ndo mshikamano wa ngozi na jino unakuwa kamili, na chini kule kolajeni na mfupa vinaendelea kujipanga kwa miezi. Ndo maana daktari hatapima tena mifuko yako kabla ya miezi mitatu hata umbembeleze, kachuma kale kanaweza kupasua alichokijenga. Kama aliweka mfupa au kizuizi (nitakieleza mbele kidogo), anasubiri kama miezi sita.

Aliyekatwa fizi iliyozidi hana kifuniko, kidonda kiko wazi, kwa hiyo chake kinafunikwa na ngozi mpya kati ya siku 5 na 14 kutegemea ukubwa, na nyama ya chini inachukua wiki saba hivi kukomaa.

Aliyewekewa grafti ana hadithi yake. Kile kipande kilichotoka kwenye kaakaa siku mbili tatu za kwanza hakina mshipa hata mmoja, kinaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilichokaliwa. Baada ya hapo vimishipa vinaanza kuingia. Kikisogea kabla ya hapo kinakufa, na kinachokiua mara nyingi ni mwenyewe anavuta mdomo kila baada ya saa moja kuangalia kwenye kioo au kumpigia shangazi video. Usivute mdomo! Pia jua kwamba kaakaa ndo itakayokuuma kuliko kwenye grafti yenyewe, inafunga kwa wiki mbili mpaka nne.

Watu wananiuliza kwa nini mdomoni panapona haraka hivi wakati kidonda cha mguu kinakaa mwezi, na mdomo umejaa bakteria. Kuna damu nyingi inafika pale, kuna joto na unyevu muda wote, na kuna mate ambayo sio maji tu, ndani yake kuna protini zinazoua vijidudu na nyingine zinazoziamrisha seli zikue na zitambae. Seli za ngozi ya mdomo zinabadilika haraka kuliko za mkononi, na seli zinazotengeneza kolajeni ya fizi zina tabia inayokaribia ya mtoto aliye tumboni, ndo maana makovu mdomoni ni machache. Mdomo mkavu basi ni tatizo. Kunywa maji.

Jambo moja ambalo kliniki nyingi hazisemi wazi: baada ya flapu ya kawaida unachopata kwa sehemu kubwa ni ngozi iliyoshuka ndefu na kujibandika kwenye mzizi, sio kamba mpya, yaani zile nyuzinyuzi zinazolifunga jino, na mfupa mpya. Ngozi inakimbia kuliko seli za mfupa, inafika kwanza, inachukua nafasi. Wasweden kina Nyman mwaka 1982 walichapisha kisa cha jino moja la mtu, waliweka kizuizi kati ya fizi na mzizi ili ngozi isipite, wakakuta kamba mpya zimeota. Kutoka hapo ndo zikaja membreni, yaani vizuizi hivyo, tunazotumia leo. Zinafaa kwenye shimo la mfupa lenye umbo fulani tu, ghali pia, kwa hiyo usilazimishe. Ile ngozi ndefu ikitunzwa inaishi na wewe miaka na miaka bila shida.

Nyumbani, saa 24 za kwanza

Usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usitumie mrija hata kwenye dafu, kuvuta na kutema vinang'oa ile damu iliyoganda. Ukiwa na mate mdomoni yaache yadondoke yenyewe. Kwa Waislamu, kwenye udhu usisukutue kwa nguvu, na kama una shaka na jambo hilo muulize shehe wako mapema kabla ya siku. Wapiga tarumbeta, wiki hizi mbili mpe mwenzako kazi.

Barafu kwenye kitambaa, nje ya shavu, dakika 15 unaweka dakika 15 unatoa, siku ya kwanza tu, baada ya hapo haina maana sana. Lala na mito miwili, tandika taulo la zamani juu kwa sababu mate yatakuwa na damu. Mate ya pinki sio damu inayovuja, tone moja la damu linapaka rangi mate mengi sana. Ikivuja kweli, chukua gozi safi iliyoloweshwa, bana dakika 20 mpaka 30 bila kuchungulia. Huna gozi, chukua kipakiti cha majani ya chai nyeusi, kiloweshe, kipoe, kamua, bana, tanini yake inasaidia. Kila ukichungulia unaanza upya.

Maumivu meza kabla ganzi haijaisha, usisubiri uanze kulia. Panado kwa mtu mzima gramu 1, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na ukiwa na shida ya ini muulize daktari kwanza. Ibuprofeni baada ya kula inasaidia vizuri zaidi kwa sababu ya uvimbe, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, anayemeza wafarini, mjamzito, na wengine wenye pumu waikwepe. Aspirini usiitumie kama dawa ya maumivu hapa. Na antibaiotiki, jamani, sio kila operesheni ya fizi inahitaji. Usipoandikiwa usijinunulie amoksilini duka la dawa.

Gym, kubeba ndoo, kukimbia, acha siku mbili tatu, presha ikipanda damu inaanza tena.

Kuanzia siku ya pili

Maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, unayazungusha taratibu kwa kuinamisha kichwa huku na huku, baada ya kula. Ukiandikiwa klorheksidini, ile dawa ya kusukutua inayoua bakteria, ni mililita 10 hivi mara mbili kwa siku, nusu dakika mpaka dakika moja, na isifuatane na dawa ya meno, ziache nusu saa katikati kwa sababu povu la dawa ya meno linaipunguza nguvu. Meno yatapata rangi ya kahawia na ladha ya chakula itapotea kidogo, chai na kahawa zinaongeza doa, lakini linatoka kwa kusafishwa. Kwa hizi wiki mbili tatu klorheksidini inafanya kazi ya mswaki, kwa sababu penye nyuzi huswaki kabisa. Meno mengine swaki kama kawaida, tena vizuri kuliko zamani! Kuna wanaoacha kuswaki mdomo mzima wakisubiri upone, bakteria wa upande huu wanahamia upande ule.

Utaona utando mweupe au wa njano juu ya kidonda. Sio usaha. Ni zile nyuzi za damu iliyoganda pamoja na seli zilizokufa, usiukwangue na pamba wala kidole.

Chakula, tafuna upande mwingine. Uji usiwe wa moto, mtori, viazi vya kupondwa, mayai, samaki asiye na miiba, maharage yaliyolainika, parachichi, maziwa mgando. Usiishi kwa uji mtupu wiki nzima, kolajeni inajengwa na protini na vitamini C, kwa hiyo papai na embe bivu zipo, machungwa yakiwasha yaache kwanza. Weka mbali bisi, karanga, kaukau, muwa, mahindi ya kuchoma, mishkaki, pilipili na achali. Mbegu ndogondogo kama ufuta zinaingia chini ya fizi na zinakaa.

Halafu kuna vitu ambavyo watu wanaweka. Mafuta ya karafuu moja kwa moja kwenye kidonda yanaunguza nyama changa, yanafanya pafe ganzi unadhani panapona. Magadi, mkaa, pombe kali, kitunguu saumu, vyote hivyo hapana. Mswaki wa mti sina ugomvi nao siku nyingine, ila usiusogeze pale kabla ya mwezi.

Nyuzi zinatolewa kati ya siku 7 na 14, zile za kuyeyuka zinaondoka zenyewe lakini nenda wakuangalie. Ukikuta uzi umelegea unaning'inia usiuvute, chukua simu.

Wiki ya pili mpaka ya sita

Rudi kuswaki pale kwa mswaki laini kabisa, ukitoka fizi kuelekea jino, kwa uzito wa kidole tu. Daktari atakwambia lini uanze vimswaki vya katikati ya meno, na hivi vina saizi, ukilazimisha kikubwa unajeruhi, ukitumia kidogo hakigusi kitu, omba wakupimie. Vyakula vigumu virudi taratibu upande ule kuanzia wiki ya tatu ya nne, na hapa ndo ukumbuke kolajeni changa niliyoisema.

Mambo mawili yatakushtua na yote ni ya kawaida. Meno yataonekana marefu na kutakuwa na nafasi nyeusi katikati, kwa sababu uvimbe umeisha na fizi imekaa karibu na mfupa ulipo kweli. Pili, maji baridi yatachoma, mzizi hauna koti gumu kama la jino la juu. Dawa ya meno ya meno yanayokufa ganzi yenye potasiamu naitreti, uiswakie kila siku, inatulia ndani ya wiki kadhaa. Na meno yakilegea kidogo mwezi wa kwanza yape muda kabla ya kuanza kulaumu.

Usisubiri miadi, nenda au piga simu siku hiyohiyo ukiona haya: damu haiachi baada ya kubana nusu saa mara mbili, uvimbe unaongezeka baada ya siku ya nne badala ya kupungua, homa, usaha au harufu na ladha mbaya isiyoondoka, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, ganzi ya mdomo au ulimi ambayo haijaisha kesho yake. Ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri usipige simu kliniki, nenda hospitali kubwa, usiku huohuo.

Baada ya hapo unaingia kwenye usafi wa kila miezi mitatu hivi kwa mwanzo, baadaye daktari anaweza kuusogeza mpaka sita kulingana na unavyoendelea. Wakati wa kulipia operesheni uliza kabisa kama bei imejumuisha kutoa nyuzi na yale marudio ya mwanzo, na kama bima yako inalipia usafi wa miezi mitatu au mara moja kwa mwaka tu, ili ujue mapema utaweka akiba kiasi gani.